Daftari la Majina Mapya

Jumatatu, 5 Novemba 1973
Mvua imeanza kweli leo. Ile ya juma lililopita ilikuwa mate tu. Paa la biro, ofisi yetu, linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya meza yangu, si juu ya meza ya Prezida wa Baraza letu. Nimenunua daftari hili la shule nipate mahali pa kulalamikia, maana mke wangu Rabia amesema masikio yake yamejaa.

Basi nijitambulishe, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Naitwa Yuma Asumani, mzaliwa wa Kasongo, mkaaji wa mtaa wa Hewa Bora, mwandishi wa Baraza la Vibali vya Mafundi Umeme hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na moja sasa. Anayetaka kufunga umeme katika nyumba ya mtu lazima awe na karte, kibali cha Baraza, na kila karte imepita chini ya kalamu yangu. Kiswahili nilifundishwa na marehemu baba, mwalimu wa chuo, kwa hiyo vijana wa biro hunicheka eti naongea kama redio. Wacheke. Mwandiko wangu unasomeka.

Jumanne, 6 Novemba
Asubuhi tumechezeshwa ngoma ya Chama tawala uwanjani, nusu saa, mvua ikitupiga. Kiuno kinauma.

Jumatatu, 12 Novemba
André amekuja. Sasa, kwa amri ya majina mapya, karte yake ya uraia inasema Ngoy, lakini mimi nilimjua kwa jina la André, na daftari hili halina tampo, muhuri wa serikali.

Huja kila mwaka tarehe hii. Mwaka 1969, tarehe kumi na mbili, mvua ikinyesha, mke wake Germaine alitoka kuanua nguo kwenye waya wa nyuma ya nyumba waliyopanga. Waya wa umeme uliopitishwa chini ya bati ulikuwa umechubuka, na ule waya wa kuushusha umeme ardhini fundi hakuuweka kabisa. Umeme ulimwua akiwa na miaka ishirini na sita. André alikuwa mgodini, zamu ya mchana. Fundi aliletwa na mwenye nyumba, na André hajapata kumwona kwa macho mpaka leo.

Baraza lilikaa Februari 1970. Mlango ulifungwa, kwa kuwa kanuni zetu haziruhusu ndugu wa marehemu kuingia. Ndani walikuwa wajumbe watano, wote mafundi wenye karakana zao, na huyo fundi Rigobert, na mimi na kalamu yangu. Walimfutia karte. Nikapiga mstari wa wino mwekundu juu ya jina lake. Ikaishia hapo, hakuna jela wala pole, mstari tu. Kwa hiyo André huja kuutazama. Hugusa ukurasa kwa kidole kimoja, husema aksanti, huenda zake. Miaka mitatu amekuja, na kila mara nimejifanya nina kazi nyingi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Leo amesimama mbele ya meza, maji yakimtiririka.

"Baba Yuma, nimekuya. Unionyeshe ule mustari."

"Kile kitabu hakiko hapa tena. Wamekipeleka stoo. Kina majina ya zamani, ya kizungu, Prezida hataki kionekane."

"Na hii mupya?"

Nikamfungulia. Akashuka na kidole, ukurasa kwa ukurasa, taratibu. "Haiko."

"Hawezi kuwamo. Hili ni la wenye karte."

"Basi bale banafutwa, buku yabo iko wapi?"

Hakuna kitabu cha waliofutwa. Tulipoandika upya mwaka jana tuliwahamisha wenye karte tu.

Alikaa kwenye benchi la koridoo mpaka mvua ikakatika. Sikutoka hata kujisaidia, nikiogopa kupita mbele yake. Nimemwambia arudi Jumatatu.

Jumanne, 13 Novemba
Rabia ananiuliza kwa nini nimeanua nguo zake zote na kufunga kamba ya mkonge badala ya waya. Nimemwambia waya una kutu. Amesema mimi ndiye mwenye kutu.

Ijumaa, 16 Novemba
Mwenye ufunguo wa stoo hayupo. Mvua.

Jumamosi, 17 Novemba
Baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, mikono ikiwa bado na matope ya mfereji, nimeingia stoo. Kitabu cha zamani kiko chini, kimelowa nusu. Mstari upo, wino umetapakaa kidogo. Rigobert. Amezaliwa Kongolo, 1938, baba yake Mulongo wa Kyoni.

Jina hilo la baba niliwahi kuliandika. Nikarudi juu mbio, nikafungua kitabu kipya. Nambari 212: Kabwe Mulongo. Amezaliwa Kongolo, 1938. Baba yake Mulongo wa Kyoni.

Wala si ajabu kubwa. Mwanzo wa mwaka 1972 amri ilishuka, majina ya kizungu yasitumike tena. Mafundi mia tatu walipanga foleni kubadilisha karte. Aliyerudisha ya zamani alipewa mpya. Aliyesema imepotea alihitaji mjumbe mmoja wa Baraza athibitishe. Na jina la zamani ilikatazwa kuliandika popote, hata pembeni. Kabwe alithibitishwa na Prezida wetu mwenyewe, Sitwayeni Mumba, maana siku hizi sote tunaitwa sitwayeni, raia. Dada yake Mumba ndiye mke wa Kabwe. Mimi siku hiyo niliandika karte themanini. Sikuinua kichwa.

Jumatatu, 19 Novemba
André amerudi. Nimemwonyesha mstari. Ameshukuru. Sikumwambia lolote. Benchi limebaki na alama ya maji ya umbo lake mpaka alasiri, na ofisi nzima wanapita wala hawaioni.

Jumatano, 28 Novemba
Wakubwa wa mkoa wametuletea inspekta: Sitwayeni Bahati, mama wa miaka arobaini hivi, mfupi, anayekohoa na kutafuna karanga. Ametumwa kuchunguza jinsi Baraza linavyoendeshwa. Amemwuliza Mumba wajumbe wanachaguliwa na nani. Mumba akasema wanachaguana. Na nani anawasahihisha? Wanasahihishana. Na vijana wanaofaulu mtihani, wanatoka karakana za nani? Mumba akacheka na kumwagiza mtu alete soda.

Kesi ya nyani ukampelekee ngedere. Nimeinama mezani nisionekane natabasamu.

Ijumaa, 30 Novemba
Redioni wametangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Biro imejaa minong'ono. Mvua ya mawe.

Alhamisi, 13 Desemba
Bahati anakuja kila siku. Anakaa kiti cha pembeni yangu kwa sababu huku ndiko kwenye mwanga. Amegundua fundi mmoja, Donat kwa jina lake la zamani, anayehudumia mitambo ya mgodi mwaka wa tisa, ameomba karte mara nne na kuangushwa mara nne, kwa kuwa hana karakana ya kumbeba. Mtoto wa dada wa mjumbe mmoja alifaulu bila kuandika jibu la swali la tatu.

"Yuma," ameniuliza, "wewe unayaona haya kila siku. Unalala?"

Nimesema ninalala vizuri, aksanti.

Jumanne, 25 Desemba
Majirani Wakristo wanaimba. Mvua inawazidi sauti.

Ijumaa, 4 Januari 1974
Idi ya kuchinja. Nimekula kupita kiasi. Rabia alianika nguo zake na nguo mpya za wajukuu, na mimi nikaona, kwa dakika moja hivi, mwanamke mwingine katikati ya nguo zile, mikono juu, mgongo umenielekea. Ilikuwa gauni la Rabia likipepea. Najua ilikuwa gauni. Lakini Germaine sikuwahi kumwona hai wala maiti, na bado nilimjua.

Jumatatu, 14 Januari
Mumba amepewa duka la Mreno, lile la nyaya na taa. Kwa hiyo Prezida wa Baraza sasa ndiye anayeuza waya, ndiye anayefunga waya, na ndiye anayesema kama waya umefungwa vizuri.

Jumatano, 23 Januari
Nimepita kando ya jengo jipya la wazazi, lile linalojengwa mtaani kwetu, vitanda ishirini. Wanawake wa Hewa Bora wamelisubiri miaka. Wamesimamisha kibao: umeme ni wa karakana ya Mumba. Nikachungulia. Juu ya ngazi, mtu amenipa mgongo, anagongomea waya. Kijana anayechanganya simenti akamwita, "Patron Kabwe." Mtu akashuka, akanipita karibu sana, akasema habari ya mchana, baba.

Nimejibu nzuri. Nimeenda nyumbani.

Alhamisi, 24 Januari
Nimekwenda kazini kwa njia ya mbali, nisipite jengoni.

Ijumaa, 1 Februari
Mama Kulthumu, mkuu wa wakunga, jirani yetu kutoka Maniema, amekuja kunywa chai. Ana furaha kama bi harusi. Ufunguzi ni tarehe tisa Machi. Wakubwa watakuja, yeye ndiye atakayewasha swichi kubwa. Anasema vitanda ni vya chuma, vizuri, na sakafu itaoshwa kwa maji mengi kila asubuhi.

Vitanda vya chuma, sakafu yenye maji. Alimaliza vikombe vitatu. Mimi changu kilipoa.

Jumatatu, 4 Februari
Nimefanya. Nimeandika kwenye karatasi moja majina mawili, Rigobert kushoto, Kabwe kulia, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, tarehe ya kufutwa, na sahihi ya Mumba. Nimempa Bahati tukiwa wawili.

Amesoma. Karanga zimebaki mkononi.

"Unajua hii karatasi ni nini?"

"Ni ukweli, mama."

"Ni jina lililokatazwa, kwenye karatasi ya serikali, kwa mwandiko wa mtumishi wa serikali." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Kaka yangu iko padri. Alibatiza mutoto kwa jina ya kizungu. Mwezi wa tano sasa hatujui bamemupeleka wapi. Siwezi kupeleka hii juu, Yuma. Wakiiona hawatasoma Kabwe alifanya nini. Watasoma jina tu, na mageuzi yote ninayoliandalia Baraza yatakufa siku hiyohiyo."

"Na jengo la wazazi?"

"Nitaomba likaguliwe."

Amenirudishia karatasi, imekunjwa mara nne. Nilimkasirikia njia nzima. Halafu nikafikiria kaka yake, hasira ikaniishia, nikabaki na woga wangu mwenyewe.

Jumatano, 13 Februari
Ukaguzi umefanyika. Kwa kanuni, anayekagua ni Baraza. Aliyetumwa na Baraza ni Mumba. Amekuta kila kitu sawa. Mimi ndiye niliyepiga tampo.

Jumatatu, 18 Februari
Mvua siku tatu bila kupumzika. Mfereji umeingia uani.

Nimesoma nyuma na nimeona nimeandika uongo. Tarehe 17 Novemba niliandika kwamba siku ya foleni sikuinua kichwa. Niliinua. Rigobert alisimama mbele yangu na kofia mkononi, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake saa mbili nzima siku ile walipomhukumu. Uso ule ningeusahauje? Alinitazama, nikamtazama. Mumba nyuma yake akasema, "Andika, mzee, foleni ni ndefu." Nikaandika. Nambari 212. Nilijiambia amri imetoka juu, watu wote ni wapya, mimi ni nani hata nimnyime mtu upya wake. Tena, nilijisikia mwema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijisikia mwema.

Tangu siku ile Germaine hana hata mstari.

Jumanne, 19 Februari
Sikwenda kazini. Rabia ameniambia, "Wewe unazungukwa na muntu, na muntu yule haiko mimi." Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Ameuliza jambo moja: binti wa Kulthumu, mwenye mimba ya miezi minane, atajifungulia wapi. Anajua vizuri atajifungulia wapi.

Jumatatu, 4 Machi
Siku kubwa ya Baraza. Mageuzi ya Bahati yamepita. Mitihani itaandikwa kwa nambari bila jina. Viti vitatu kati ya vitano vitatoka kwa watu wasio mafundi: mwalimu wa shule ya ufundi, muuguzi, mkaaji wa mtaa. Mjumbe hatathibitisha ndugu yake. Malalamiko yatasikilizwa mlango ukiwa wazi. Na waliofutwa wataandikwa kwenye orodha itakayobandikwa mlangoni, kila mtu aisome.

Ni mazuri, yote. Nilikuwa nikiyasubiri bila kujua nayasubiri. Nilipewa karatasi kubwa nyeupe niandike kichwa cha orodha ya waliofutwa. Nikauliza naanza na nani. Mumba, anayebaki mjumbe mpaka Juni, akasema, "Tunaanza leo. Kabla ya majina mapya hakukuwa na mtu." Bahati alitazama dirisha. Nikaibandika orodha mlangoni, ina kichwa na tarehe, chini yake hakuna kitu. Wajumbe walipiga makofi, na mimi nilipiga pia.

Nilipotoka nilikwenda mtaa wa Katuba kwa miguu, kwenye matope, kumtafuta André. Nilimwambia mlangoni kwake, sikutaka hata kukaa. Nilimwambia kuhusu foleni, kuhusu kichwa changu nilichoinua, kuhusu Kabwe na jengo la wazazi. Nilifikiri atanipiga. Ameketi chini kwenye kizingiti.

"Baba Yuma, miye kila mwaka nakwambia aksanti."

"Ndiyo."

"Na wewe unanyamaza."

"Ndiyo."

Nikaondoka. Nilipofika njiani akaniita, akauliza ufunguzi ni saa ngapi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia Kulthumu asiwashe. Amesema wakubwa wanakuja, ukaguzi una tampo, tena tampo yangu. "Unipatie kitu, Yuma. Kwa maneno ya mudomo siwezi kuzuia serikali." Ana haki.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika na bado ni mchana.

Mvua nyembamba. Watu walijaa mpaka barabarani, akina mama wengi, wengine na matumbo makubwa mbele, wamevaa vitenge vya Chama. Ngoma imechezwa. Hotuba ndefu. Kulthumu kwa joho jeupe, kando ya sanduku la swichi. Mumba kwa suti yake isiyo na tai. Kabwe nyuma yao, mgongo kwetu, anasafisha kioo cha sanduku kwa kitambaa. André alikuwa kando yangu. Hakujua ni yupi. Alikuwa akitazama mikono ya kila mwanaume.

Nilikuwa na ile karatasi mfukoni. Nilifikiri nitampelekea yule mkubwa wa wilaya. Nikaona hataisoma, ataikunja tu. Kulthumu akanyoosha mkono kwenye swichi, na miguuni pake sakafu ilikuwa imelowa kwa nyayo za wageni. Nikaita.

"Rigobert."

Sikupiga kelele sana. Niliita kama mtu anavyomwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Miaka miwili hakuna aliyemwita hivyo mbele za watu, na jina la utotoni halimwachi mtu kwa amri. Kabwe aligeuka. Aligeuka mwili mzima, na kitambaa mkononi, uso wazi kabisa kama anayetazamia rafiki. Halafu akakumbuka.

Wanawake waliokuwa mbele walimtazama yeye, wakanitazama mimi. Nikasema yote kwa sauti, kwa haraka, kama anayesoma orodha: huyu alifutwa Februari 1970 kwa waya uliomwua mwanamke, huyu ni mimi niliyemwandika upya nikimjua, ukaguzi wake umefanywa na shemeji yake. Mumba akasema mzee amelewa. Mimi, Mwislamu wa Kasongo, saa nne asubuhi.

Kulthumu alishusha mkono. Akasimama mbele ya sanduku, akaliegemea kwa mgongo. "Hapa hakuwashwi kitu," akasema. "Batoto ni bangu." Akina mama wakasogea mbele, wakamzunguka, na askari hawakujua wamshike nani kati yao.

André alikuwa ameshamfikia Kabwe. Nilidhani tutaona damu.

"Njo wewe ule fundi?"

Kabwe alikubali. "Njo miye."

"Bibi yangu, jina yake unaijua?"

Kabwe alitikisa kichwa. Hakujua. Alihukumiwa, akafutwa, akarudishwa, na katika chumba kile chetu hakuna aliyewahi kumtajia. Mimi mwenyewe katika maandishi ya kikao niliandika "marehemu".

"Germaine," akasema André. Akalirudia mara ya pili, pole pole, na Kabwe akalia mbele ya watu wote, na mimi sikumwonea huruma na pia nilimwonea.

Jumapili, 10 Machi
Mwalimu wa shule ya ufundi, mjumbe mpya, amebomoa plasta asubuhi, Kulthumu akimshikia taa. Waya wa kushusha umeme upo kwenye kila kitanda. Unaingia ukutani, unakwenda urefu wa kiganja, umekatwa. Ndani ya udongo hakuna kitu. Vitanda vyote ishirini.

Bahati amekuja mpaka kwangu, uani, na viatu vya matope. Hakunipongeza wala kunilaumu. Amesema Mumba amepeleka malalamiko kwa Chama: mtumishi wa serikali ametamka hadharani jina lililokatazwa. Amesema yeye ataandika ripoti ya waya, lakini jina hawezi. Rabia alimpa chai, wakainywa, wawili wale, palepale uani.

Jumatatu, 11 Machi
Barua imeletwa na askari wa baiskeli. Kesho saa tatu, mbele ya kamati ya Chama. Nije na karte yangu ya uraia na funguo za biro. Rabia amenipigia pasi shati. Amefunga mkate na blanketi jembamba kwenye kitambaa, akasema ni kwa ajili ya mvua, nami nimekubali kwamba ni kwa ajili ya mvua.

Ninaogopa. Nimejaribu kuandika neno zuri kuliko hilo na sikulipata. Watu wameingia kwenye vikao kama hivyo na hawajatoka kupitia mlango uleule.

Wataniuliza kama nililitamka jina lile. Nitasema nililitamka. Wataniambia kwa sheria hakuna tena mtu wa jina hilo katika nchi hii. Nami nitawauliza, kwa heshima, na mikono nyuma: basi aliyegeuka ni nani?